Anza na Kisiwa: Ninavyochagua Ndege ya Ndani ya Kwenda na Kurudi Sardinia

Mdogo wangu anaishi Nuoro, mji wa milimani huko Sardinia, kisiwa cha Italia, anamtunza ajuza mmoja aliyevunjika nyonga. Mimi ni fundi wa nguo, kibanda changu kiko Ngara, Nairobi, na safari zangu za ndege zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mbili kati yake ni za kwenda kumwona. Ya kwanza ilinitoa jasho. Ya pili ilinyooka kama mshono wa mashine, na tangu hapo kila mwenye binti au shangazi kule Italia huja kunisimamia mlangoni na kuniuliza ile ndege ya kisiwani nilikataje tiketi. Huwa nawajibu hivi, mguu ukiwa bado kwenye pedali.

Wengi wetu huanza na Nairobi. Tunawinda nauli ya chini ya kwenda Roma au Milano, tunalipa, halafu ndipo tunauliza kisiwani tutafikaje. Geuza. Anza na nyumba utakayolala usiku wa kwanza, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua hadi uwanja wetu wa Embakasi.

Sardinia ina viwanja vitatu vya kutegemewa: Cagliari upande wa kusini, Olbia kaskazini mashariki, Alghero kaskazini magharibi. Ukitazama ramani kwenye simu utadhani ni vya jirani. Lakini kutoka Cagliari hadi Olbia kwa barabara ni zaidi ya kilomita 250. Ni kama utoke Nairobi, upite Nakuru na bado uendelee. Mimi mara ya kwanza nilichagua Cagliari kwa sababu moja tu: ndio mji mkuu wa kisiwa. Nilitua usiku. Mdogo wangu hana gari, magari ya kwenda huko juu yalikuwa yameisha, nikalipia chumba ambacho sikukipangia pesa. Kesho yake nikapanda gari moshi hadi Macomer, kisha basi. Baadaye ndipo nikapima: Nuoro iko kama kilomita 100 kutoka Olbia na karibu 180 kutoka Cagliari. Nilikuwa kama mtu wa Kitale aliyetua Kisumu, na uwanja wa Eldoret upo.

Kwa hiyo chukua karatasi. Andika mji unakokwenda, kisha viwanja vitatu, na mbele ya kila kimoja andika kilomita na saa ya basi au gari moshi la mwisho. Hiyo saa ya mwisho ina uzito kuliko nauli. Anayekwenda Cagliari yenyewe au Oristano ana bahati, kwa kuwa kando ya uwanja wa Cagliari kuna stesheni ya gari moshi na mjini ni dakika chache. Anayekwenda Sassari ashuke Alghero. Olbia ndiyo ya kuangalia kwa makini: kiangazi ndege ni tele kwa ajili ya matajiri wanaofuata fukwe za Costa Smeralda, lakini baridi ikiingia njia nyingi hukatwa na zinabaki chache za bara. Ukisafiri Januari, usishangae Alghero au Cagliari ikikufaa zaidi hata kama ni mbali.

Ukishajua unashukia wapi, sasa rudi bara. Hapa ndipo Milano inapowanasa watu wa Nairobi. Ndege kubwa zinazotoka upande wetu kupitia Addis Ababa, Doha au Dubai hutua Malpensa. Lakini ndege za kwenda kisiwani zinazosimamiwa na serikali huondokea Linate, uwanja mwingine kabisa, ng'ambo ya pili ya jiji. Unajua vile mtu hutua Embakasi akaambiwa ndege ya Lamu iko Wilson? Hiyo ni afadhali, boda boda itakutoa. Kati ya Malpensa na Linate ni kama kilomita 60, na kuna uwanja wa tatu, Bergamo, unaouzwa kwa jina la Milano vilevile. Usisome neno "Milano" pekee. Soma herufi tatu: MXP ni Malpensa, LIN ni Linate, BGY ni Bergamo.

Ndiyo maana mimi hupenda Roma. Ndege kubwa zinatua Fiumicino, na ndege za kisiwani karibu zote huondokea Fiumicino hiyohiyo, unatembea tu kutoka jengo moja hadi jingine. Roma nako kuna uwanja wa pili, Ciampino, wa baadhi ya mashirika ya bei nafuu, kwa hiyo hakikisha tiketi zote mbili zimeandikwa FCO, herufi za Fiumicino. Kutoka hapo hadi Olbia ni karibu saa moja hewani. Hata chai hujaimaliza.

Nimesema ndege zinazosimamiwa na serikali. Waitaliano huuita mpango huo continuità territoriale: kwa kuwa mtu wa kisiwani hana barabara ya kumpeleka bara, njia za kutoka viwanja vile vitatu kwenda Fiumicino na Linate zimewekewa masharti, ziruke mwaka mzima na mkazi wa Sardinia apate nauli maalumu. Neno la kushika ni mkazi. Haijalishi pasipoti ni ya Kenya; mdogo wangu ameandikishwa ukazi katika manispaa ya Nuoro, naye hulipa nauli ya mkazi. Mimi mgeni sina haki nayo. Kwenye ukurasa wa kununulia kuna kisanduku cha kuchagua "residente", bei inashuka hapohapo, na kidole kinawasha. Usikiguse kama huna karatasi, kwa sababu watakuomba uthibitisho. Na mkisafiri wawili, yeye akate yake peke yake na wewe yako.

Njia hizi hutolewa kwa zabuni, hivyo shirika la mwaka jana si lazima ulikute mwaka huu. Nimeona majina ya ITA Airways, Aeroitalia na Volotea yakipokezana. Hata Alitalia, iliyokuwa shirika la taifa la Italia, ndege yake ya mwisho kabisa, Oktoba 14, 2021, ilikuwa ya kutoka Cagliari kwenda Roma. Kwa hiyo usimpigie mtu aliyesafiri miaka mitatu iliyopita umwulize alipanda nini. Ingia kwenye tovuti ya uwanja wa kisiwani wenyewe, utazame nani anaruka msimu huu, ndipo uende kwenye tovuti ya shirika hilo.

Sasa swali kubwa: tiketi moja au mbili? Tiketi moja ni ile inayokutoa Nairobi hadi kisiwani kwa namba moja ya buking. Huwa ghali kidogo. Lakini ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, wao ndio wanaokutafutia nyingine. Sanduku nalo huenda moja kwa moja. Embakasi, kabla hujaondoka kaunta, inama usome lebo waliyofunga kwenye mpini. Ikisema OLB, utalikuta Olbia. Ikisema FCO, litazunguka Roma likikungoja. Pasipoti itakaguliwa hukohuko Roma hata hivyo, na tangu Oktoba 2025 Ulaya imeanza kuwachukua wageni picha na alama za vidole mpakani, kwa hiyo foleni ihesabu. Kwa tiketi moja nataka saa tatu za kuunganisha.

Tiketi mbili zilizokatwa kila moja kivyake ni rahisi kwa bei, ila katikati yake hakuna anayekujua. Ukichelewa, kiti chako kimekwenda na pesa imekwenda. Hapo naacha saa sita, na nikipata saba nashukuru. Ndege nyingi za usiku kutoka huku hufika Roma asubuhi, kwa hiyo ndege ya kisiwani ya alasiri inatosha, mradi ile saa ya basi la mwisho uliyoiandika haijapita.

Na mizigo! Safari ya kwanza tiketi ya Nairobi iliniruhusu masanduku mawili ya kilo 23. Nikayajaza. Tiketi ya kisiwani, niliyojikatia mwenyewe kwa simu nikifurahia nauli, ilikuwa na kibegi cha chini ya kiti tu. Sikusoma. Pale kaunta nikaambiwa nilipie masanduku yote mawili, na jumla ilipita nauli mara mbili. Nilipiga magoti sakafuni nikafungua moja mbele ya watu: unga wa wimbi, mashuka mawili niliyodarizi mwenyewe, majani ya chai, viatu. Nilivaa makoti mawili, nikaufunga unga kwenye leso. Sanduku moja nikalilipia, jingine likabaki tupu karibu na pipa la taka. Shirika silitaji, sheria yao ilikuwa imeandikwa, ni mimi niliyepita juu yake.

Safari ya pili nililipia kilo siku ileile niliyokata tiketi, maana uwanjani bei hupanda sana. Kisha nikatoa futi yangu ya shingoni nikapima begi. Mashirika mengi ya bei nafuu hutaka cha chini ya kiti kisizidi sentimita 40 kwa 30 kwa 20, na hesabu hiyo ni pamoja na magurudumu na mpini. Begi nililolisifu lilizidi sentimita nne. Nikashona jingine la turubai, jioni moja. Kuhusu kilichomo: nyama na vitu vya maziwa haviruhusiwi kuingia Ulaya kutoka kwetu, mursik ibaki nyumbani. Maembe na maparachichi hudai cheti cha afya ya mimea. Ndizi haidaiwi.

Kulipa, kadi ya mtandaoni ya M-Pesa imenifaa. Ukurasa ukikuuliza kama ukatwe kwa shilingi au kwa yuro, chagua yuro; kiwango chao cha kubadilishia huwa kinawapendelea wao. Jina liandike kama lilivyo kwenye pasipoti, yote matatu kama ni matatu. Ukishanunua, fanya cheki-ini mwenyewe kwa simu mapema, kwani mashirika mengine hutoza kukufanyia uwanjani. Pita kaunta hata hivyo, waione pasipoti na viza.

Kurudi ndiko kwa hatari, nako ndiko watu hupanga kwa haraka. Ukikosa ndege ya kwenda kisiwani umekosa chakula cha jioni. Ukikosa ya kutoka kisiwani, umeikosa ya Nairobi. Ndege ya ndani ikichelewa saa tatu kwa kosa la shirika, sheria ya Ulaya hukupa yuro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, lakini upepo mkali haumo, na upepo wa maestrale kule hauombi ruhusa. Wala yuro 250 hazikununulii tiketi nyingine ya kuja Embakasi.

Halafu kuna migomo, wanaiita sciopero, nayo hutangazwa mapema kwenye tovuti ya wizara yao ya uchukuzi. Hata siku ya mgomo sheria hulinda ndege za kati ya 07:00 na 10:00, na kati ya 18:00 na 21:00. Kwa saa zetu ni kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi, na saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Kwa hiyo ndege ya kutoka kisiwani mimi hutafuta ya saa moja au saa mbili asubuhi, hata kama ya Nairobi ni ya usiku. Kuanzia Julai 27 hadi Septemba 5 migomo ya ndege hairuhusiwi, ila huo ndio msimu wa joto na bei hukaba koo, hasa wiki ya Agosti 15 ambapo Italia nzima iko ufukweni. Mei au mwisho wa Septemba ndiyo miezi yangu.

Kama kuna upepo au mgomo na una siku moja mkononi, kuna meli ya usiku kutoka Olbia hadi Civitavecchia, na kutoka hapo gari moshi la Roma ni kama saa moja. Si kivuko cha Likoni, unalala humo.

Mara ya pili nilitoka Olbia asubuhi, nikakaa Fiumicino mchana kutwa na uzi wangu wa kufuma. Ajuza alinifungia pane carasau, mkate wa kwao mwembamba kama chapati iliyokaushwa, duara pana kuliko sahani. Ukienda, usiutie sandukuni, utafika makombo. Uweke katikati ya makaratasi mawili magumu ya kukatia ruwaza, uufunge kwa utepe na uubebe mkononi.