Je, Anayeanza Poka Amlipe Kocha? Namna ya Kupiga Hesabu Kabla ya Kutoa Fedha

Mtu anayeanza kujifunza poka, hasa mchezo wa Texas Hold'em usio na kikomo cha dau, hukutana na matangazo ya makocha kabla hata hajapata ushindi wake wa kwanza wa maana. Wapo wanaotoza kwa saa, wapo wanaouza video kwa malipo ya kila mwezi, na wapo wanaodai kwamba hawatozi chochote ila sehemu ya faida utakayopata baadaye. Kama inafaa kuwalipa au la ni suala la hesabu, na kwa wanaoanza walio wengi hesabu hiyo inasema bado. Jibu lako wewe, hata hivyo, litategemea kiwango cha dau unachocheza, wingi wa migao (mgao ni mzunguko mmoja, tangu karata zigawiwe hadi mshindi apatikane) unayocheza kwa mwezi na mahali hasa ulipokwama. (Ambaye dini yake imemkataza kamari hana haja ya hesabu hii, kwani swali lake lilikwisha kujibiwa.)

Kwanza ieleweke kwamba katika poka mafunzo yana maana ambayo hayana kabisa katika ruleti au mashine za sarafu. Huchezi dhidi ya kasino, bali dhidi ya watu walioketi nawe mezani, nayo kasino hukata sehemu ndogo ya fedha za kila mgao au hutoza kwa muda. Anayefanya uamuzi bora kuliko wenzake anaweza kupata faida ya kudumu. Lakini makato hayo yana maana pia kwamba wachezaji wote wakijumlishwa hutoka na fedha pungufu ya walizoingia nazo, na kwa hiyo haitoshi kuwazidi wenzako kidogo. Ni lazima uwazidi kwa kiasi kinachofidia makato. Ada ya kocha inakuja juu ya mzigo huo.

Sasa tupige hesabu yenyewe. Wachezaji hupima faida kwa idadi ya blaindi kubwa (dau la lazima ambalo mchezaji mmoja huliweka mwanzoni mwa kila mgao) wanazoshinda katika kila migao 100, na mtu anayeshinda blaindi 5 kwa migao 100 katika meza za mtandaoni anahesabiwa kuwa anafanya vizuri. Katika meza ndogo kabisa, ambamo blaindi kubwa ni senti 2 za dola, ushindi huo ni senti 10 kwa migao 100. Tuseme kocha anatoza dola 50 kwa saa, na tumpe sifa zote kwa kudhani kwamba saa hiyo moja imekutoa kwenye sifuri hadi kwenye blaindi 5. Utahitaji migao 50,000 ili kurudisha fedha zako. Anayecheza meza nne kwa pamoja hupata migao kama 250 kwa saa, maana yake ni saa 200 za kucheza kwa ajili ya kulipia saa moja ya darasa. Mchezaji wa Nairobi au Dar es Salaam anayelipa kwa dola aongeze pia gharama ya kubadilisha na kutuma fedha, ambayo kwa malipo madogo huuma.

Panda ngazi, na hesabu inageuka. Kwenye meza ambayo blaindi kubwa ni senti 50, somo linalokuongezea blaindi 2 tu kwa migao 100 linakuingizia dola 1 kwa kila migao 100, na dola 50 zinarudi baada ya migao 5,000, yaani kama saa 20. Meza za ana kwa ana kasinoni nazo zina sura yake: ni za polepole, takriban migao 30 kwa saa, lakini dau ni kubwa. Mtu anayecheza kwa blaindi kubwa ya dola 2, na ambaye kosa moja linamgharimu dola 4 kila saa, atarudisha ada ya dola 100 kwa saa 25 akiliacha kosa hilo. Kwa hiyo kabla ya kumwandikia kocha yeyote, chukua ada yake, igawanye kwa kiasi unachotarajia kuongeza kwa saa, kisha ujiulize kwa unyofu kama saa zitakazotoka utazicheza kweli.

Jambo la pili la kupima ni kile unachokinunua. Makosa ya mwezi wa kwanza yanafanana kwa karibu kila mtu: kucheza karata nyingi mno, kufuata dau pale panapostahili kuacha, kutojali unachukua hatua kabla au baada ya wengine, na kuweka mezani sehemu kubwa mno ya akiba yako. Dawa ya makosa haya inapatikana bure. Chuo kikuu cha MIT cha Marekani, kwa mfano, kimeweka wazi mtandaoni mihadhara ya kozi yake ya nadharia ya poka ya mwaka 2015, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuitazama.

Jipime kwa swali hili. Karata ya nne ya wazi imekwisha kuwekwa mezani, nawe una kopa nne, za mkononi na za mezani zikijumlishwa, ukisubiri ya tano itakayokamilisha karata tano za aina moja na, tuseme, kukupa ushindi. Kuna dola 60 za kushindaniwa, na mpinzani wako anaweka 30. Je, ufuate? Unatakiwa kutoa 30 ili ushindanie jumla ya 120, kwa hiyo unahitaji kushinda angalau mara 25 kati ya 100. Kopa zilizobaki ni 9 kati ya karata 46 usizoziona, yaani pungufu kidogo ya asilimia 20. Hapo kufuata ni hasara, isipokuwa kama unatarajia kwamba kopa ya tano ikishuka mpinzani atakulipa zaidi. Kama hesabu hiyo ilikupa taabu, usimlipe mtu dola 50 akufundishe, kwa kuwa wiki moja ya mazoezi na kalamu inatosha.

Wakati wa kulipa huja pale ambapo umemaliza mambo hayo ya msingi, una kumbukumbu za migao yako, na bado kuna eneo ambalo fedha zinavuja bila wewe kujua sababu. Kumbukumbu hizo ni sharti, maana matokeo peke yake yanadanganya. Bahati katika mchezo huu huyumbisha matokeo kiasi kwamba mtu mwenye uwezo halisi wa kushinda blaindi 5 kwa migao 100 bado ana uwezekano wa zaidi ya robo wa kuonekana ni mpotezaji baada ya migao 10,000. Asiyelijua hili humlipa kocha amtibu ugonjwa asiokuwa nao, au humsifu kwa ushindi ulioletwa na karata nzuri.

Ukosefu huohuo wa uhakika ndio unaotakiwa kukuongoza katika kumchunguza kocha. Picha ya kombe haithibitishi ualimu. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu wa Marekani, aliwapita washindani 838 huko Las Vegas na kuondoka na dola milioni 2.5 baada ya kupata nafasi kupitia shindano dogo la mtandaoni, na mamilioni ya watu wakaanza kujifunza poka. Lakini shindano moja, la mtu yeyote, ni sampuli ndogo mno. Mwombe kocha rekodi ya migao mingi, ya karibuni, katika aina ileile ya mchezo unaoucheza wewe, kwa sababu bingwa wa mashindano si lazima ajue meza za fedha taslimu, ambako kila mgao huchezewa fedha halisi. Mtumie migao mitatu iliyokutatiza na usome anavyojibu. Akieleza sababu, na akataja kile ambacho kingebadilisha uamuzi, ana kitu cha kufundisha. Akikupa amri tupu, hana. Anayekuahidi kipato cha uhakika, anayekulazimisha kujiunga na tovuti kupitia kiungo chake, au anayejitolea kukuelekeza wakati mgao unaendelea, mwache. Hilo la mwisho linakatazwa na tovuti kubwa za poka, na akaunti yako inaweza kufungwa.

Mkataba wa kugawana faida unahitaji macho zaidi kuliko ada ya saa, ingawa ndio unaoonekana mpole. Soma unakwisha lini: baada ya idadi fulani ya migao, baada ya kiasi fulani cha faida, au haukwishi mpaka umemlipa? Uliza nani anabeba hasara, na kama hasara ya mwezi mmoja inahamishwa kwenda mwezi unaofuata. Uliza pia ukiacha kucheza kwa sababu ya kazi au ugonjwa unadaiwa nini. Kwa maoni yangu, anayeanza asiuguse mkataba wa namna hii, kwani hajui bado kama mchezo wenyewe utamshika.

Ukiamua kulipa, nunua saa moja tu kwanza. Siku chache kabla, chagua migao 10 au 15 ambayo ulipoteza au kushinda fedha nyingi bila kuwa na uhakika, andika ulichofikiri katika kila hatua, kisha uitume mapema ili saa yako isiliwe na maelezo. Omba ruhusa ya kurekodi mazungumzo. Mwishoni, mtake kocha akutajie kosa lako moja lenye gharama kubwa kuliko mengine, pamoja na zoezi la kulirekebisha. Baada ya hapo usinunue saa ya pili hadi ucheze migao elfu kadhaa ukilifanyia kazi kosa hilohilo, na unapopitia kumbukumbu zako usitazame salio la akaunti. Hesabu ni mara ngapi hali ileile imejitokeza tena na ni mara ngapi umeamua tofauti na zamani.