Lori la plastiki lenye mzigo wa shaba: namna ya kujaribu rangi na mng'ao

Lori ninalolipaka ni la kipimo cha 1/24, la kuunganisha vipande kwa gundi, na nyuma yake nataka libebe katodi za shaba, yaani mabamba ya shaba iliyosafishwa. Hapa Lubumbashi mtu hawezi kukisia rangi ya shaba akaachwa salama. Malori ya shaba yanapita kila siku kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kazi yangu ya karatasi za forodha inanikalisha kando yake nikingoja muhuri. Katodi mpya ina wekundu mwepesi unaokaribia waridi, na uso wake una chembechembe, haung'ai. Ikikaa juani na mvuani inaingia kahawia. Kichupa cha dukani kilichoandikwa shaba hakifanani na mojawapo.

Majaribio fanyia kwenye vijiko. Nunua vile vyeupe vya sherehe, ugeuze mpini utafute alama ya PS au namba 6: hiyo ni polistireni, plastiki ileile ya modeli nyingi, kwa hiyo rangi itashika na kukauka vilevile. Mgongo wa kijiko una mviringo unaoonyesha mwanga unavyoteleza, jambo ambalo kipande bapa hakikuonyeshi. Kijana wa gereji ya jirani, anayeniita Yaya kwa maana ya mkubwa wake, aliniuliza, "Yaya, unapaka vijiko rangi juu ya nini?" Siku hizi naye anakuja kuvikagua.

Huyo huyo alitaka kunipa thina yake ya magari kwa sababu inakausha haraka. Dondosha tone moja kwenye kijiko uone: plastiki inalainika na uso unaharibika. Kila rangi ina kipunguzo chake. Akriliki za Tamiya zinakubali alkoholi. Za Vallejo nazipunguza kwa maji safi au kwa kipunguzo chao, maana alkoholi huzigandisha ndani ya pistole ya kupulizia rangi. Rangi ya mafuta, kama Humbrol ya kopo, inataka spiriti nyeupe na subira ya siku nzima au zaidi.

Osha vijiko kwa sabuni ya vyombo, vikauke, kisha vishike kwa mpini tu. Vipige praima, yaani rangi ya msingi: kimoja nyeupe, kimoja kijivu, kimoja nyeusi. Hatua hii watu wengi wanairuka, nayo ndiyo inayobadilisha kila kitu kwa rangi za metali. Rangi ya metali ni vipande vidogo vinavyoelea kwenye utomvu mwangavu, na kilicho chini kinaonekana katikati yake. Juu ya nyeusi inayong'aa, shaba inakuwa nzito na yenye kina. Juu ya nyeupe inapauka.

Kwa pistole ndogo ya kupulizia, rangi iwe nyepesi kama maziwa, hewa karibu baa 1, umbali wa sentimita 10 hivi, tabaka jembamba juu ya jingine. Umeme ukikatika, tairi la akiba la gari lililojazwa upepo linaweza kuendesha pistole kwa muda mfupi, mradi uweke kidhibiti cha mgandamizo katikati.

Sasa shaba yenyewe. Namba ninazotaja ni za Tamiya. Kwa katodi mpya naanza na XF-15, rangi ya ngozi isiyong'aa, juu ya praima ya kijivu. Ikikauka napuliza XF-6, ambayo ni shaba, kwa mbali na kwa ukungu mwembamba tu, ili ile ya chini iendelee kuchungulia. Usichanganye nyeupe ndani ya rangi ya metali ukitaka kuipausha. Inazima vile vipande na unabaki na tope. Kwa katodi iliyokaa, geuza mpango: XF-6 kamili juu ya nyeusi, kisha XF-64 ya kahawia nyekundu, iliyopunguzwa sana, katikati ya bamba, ukiacha kingo zikiwa na shaba safi. Dereva mmoja nilimpa kijiko hiki akakitazama, akasema, "Mukubwa, hii imeshalala nje." Sikuhitaji jaji mwingine.

Kijani cha kutu ya shaba tumia kwa ubahili. Wengi wanamwaga rangi ya malakiti kila mahali kwa kuwa inapendeza, lakini kwenye mizigo ninayoiona kahawia ndiyo inayotawala. Nukta moja kwenye kona inatosha.

Kisha mng'ao. Chukua kijiko kilekile kilichokauka, ukigawe kwa teipu ya karatasi sehemu tatu za vanishi: X-22 ya kung'aa, X-35 ya nusu mng'ao, XF-86 isiyong'aa kabisa. Utadhani ni rangi tatu tofauti. Ya kung'aa inatia rangi giza na kufanya shaba ionekane imelowa. Isiyong'aa inaua metali, unabaki na udongo wa kufinyanga. Kwa katodi nachagua nusu mng'ao. Linganisha nje, mchana, kivulini. Taa ya ndani inadanganya hasa upande wa wekundu. Andika mchanganyiko kwenye mpini kabla hujausahau.

Kabini ya dereva ni jambo jingine. Kitu kidogo kinahitaji rangi iliyopauka kidogo kuliko ya lori halisi, la sivyo kinaonekana cheusi. Nyekundu usiipaushe kwa nyeupe, itakuwa waridi. Tia rangi ya machungwa kidogo. Maliza kwa X-22 kabla ya kubandika stika za maji, zile zinazoloweshwa ndipo zibandikwe, kwa sababu juu ya uso mkavu usiong'aa hewa inanaswa chini ya stika na kuacha weupe. Stika zikikauka, funika tena, halafu ndipo uamue mng'ao wa mwisho.

Kuhusu majira: wakati wa mvua, vanishi isiyong'aa inaweza kugeuka nyeupe kwa unyevu, basi ngoja siku kavu na upulize kidogo kidogo. Wakati wa kiangazi adui ni vumbi. Mimi napuliza alfajiri, kabla barabara haijaamka, na kila kipande kinaingia chini ya boksi papo hapo.

Vumbi hilohilo ndilo la kumalizia. Chukua udongo mwekundu wa barabarani, ukaushe kwenye sufuria kuukuu, uuchuje kwa soksi nyembamba ya kike hadi ubaki unga. Upake kwa brashi kavu chini ya milango, kwenye ngazi na nyuma ya trela, kisha uushikishe kwa ukungu wa XF-86. Ukilowa unakolea na haurudi kuwa mwepesi sawasawa, kwa hiyo huu nao upitie kwenye kijiko kwanza. Matairi yapake XF-85. Nyeusi tupu ni kali mno kwa mpira. Sugua unga zaidi kwenye mifereji yake, halafu pangusa sehemu inayogusa barabara kwa kidole.