Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kurekebisha Mfumo wa Kunyunyizia Mafuta Kwenye Injini

Kabla fundi hajafungua nozeli yoyote (kifaa kinachonyunyizia mafuta kwenye injini) wala kugusa mpangilio wa kompyuta ya injini, ni lazima ajiridhishe kwamba taarifa zinazoifikia kompyuta hiyo ni za kweli. Kompyuta haiuoni moto unaowaka ndani ya silinda; hukadiria tu kiasi cha hewa kilichoingia kutokana na vipimo vya sensa, kisha huamua nozeli ifunguke lini na kwa milisekunde ngapi. Sensa ikitoa kipimo cha uongo, nozeli isiyo na kasoro itaonekana mbovu, na fedha zitatumika kubadilisha kifaa kisicho na kosa.

Betri ipimwe mwanzo kabisa, injini ikiwa imezimwa na ikiwa inanguruma, kwa kuwa nozeli ya sumaku huchelewa kufunguka volti zinaposhuka.

Hewa inahitaji uangalifu zaidi. Injini ya petroli huchoma vizuri inapopata takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya mafuta, na sensa ya oksijeni iliyoko kwenye bomba la moshi ndiyo inayoiwezesha kompyuta kuushikilia uwiano huo. Bomba hilo likiwa na ufa kabla ya sensa, hewa ya nje huvutwa ndani, sensa huripoti kwamba mafuta ni haba ilhali yanatosha, na kompyuta huongeza mafuta hadi plagi zinakuwa nyeusi kwa masizi. Kwa maoni yangu, ufa wa aina hii utafutwe kabla ya kuituhumu sensa yenyewe. Ikumbukwe pia kwamba sensa hiyo haisomi ipasavyo mpaka ipate joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi, kwa hiyo vipimo vya injini baridi visitumiwe kufanyia uamuzi.

Mgandamizo wa kila silinda nao upimwe mapema, hasa kwenye dizeli, ambayo haina cheche na hutegemea joto la hewa iliyogandamizwa ili mafuta yawake. Silinda yenye mgandamizo hafifu haitaponywa na nozeli mpya.

Kuhusu usalama, naomba msomaji asiharakishe. Mifumo mingi ya petroli inayonyunyizia kwenye njia ya hewa hutumia shinikizo la bar 3 hadi 4, lakini dizeli za kisasa zenye reli ya pamoja (bomba moja linalohifadhi mafuta ya shinikizo kubwa kwa ajili ya nozeli zote) huweza kupita bar 2,000, na mchirizi mwembamba wa mafuta kwa shinikizo hilo hupenya ngozi. Uvujaji usitafutwe kwa mkono kamwe. Injini izimwe, na muda ulioelekezwa na mtengenezaji usubiriwe mpaka shinikizo lishuke. Aliyepenywa na mafuta apelekwe hospitali mara moja, hata kama jeraha ni tundu dogo lisilouma, kwa sababu madhara huenea chini ya ngozi.

Eneo la kazi lisafishwe kabla ya kulegeza bomba lolote, na ncha zilizo wazi zizibwe papo hapo. Nozeli nyingi za dizeli za aina hiyo zina namba ya urekebishaji iliyochapwa juu yake, ambayo huingizwa kwenye kompyuta ili kila silinda ipate kiasi chake sahihi. Namba hiyo inakiliwe pamoja na namba ya silinda kabla ya nozeli kufungwa mahali pake, kwani kwenye baadhi ya injini hufichwa na kifuniko.