Mtoto Akikataa Kula kwa Hofu ya Kunenepa: Mwongozo kwa Mzazi

Mara nyingi huanza na jambo ambalo watu wanalisifia. Binti anaacha soda na mandazi, anakimbia asubuhi, mashangazi wanamwambia amependeza. Miezi michache baadaye ameshaacha wali na chochote kilichoungwa kwa mafuta. Chapati anaikata vipande vidogo mithili ya chakula cha kifaranga, anasema ameshakula kwa rafiki yake, hedhi imekatika, na anavaa sweta jua likiwa kali. Nyumbani wanasema ni vidonda vya tumbo, jirani anasema amerogwa. Inaweza kuwa anoreksia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aogope kunenepa kuliko anavyoogopa kufa. Wavulana nao huupata, ila wao huchelewa kugundulika kwa kuwa hakuna anayewafikiria.

Mwongozo huu ni kwa wazazi na walezi wa vijana wa miaka 12 hadi 18 wanaoishi nyumbani. Umri huo ndio unaoitikia tiba vizuri, mradi mtoto awahiwe.

Hospitali kwanza, sufuria baadaye

Kabla ya kuanza kumlisha kwa wingi, mpeleke hospitali. Mweleze daktari waziwazi: "Mtoto huyu anapunguza chakula kwa makusudi, anaogopa kunenepa." Usipolisema, daktari ataishia kutafuta TB, VVU, kisukari, tezi ya shingo au ujauzito. Vyote hivyo ni lazima vipimwe, kwa kuwa navyo hukondesha au kukatisha hedhi. Pamoja navyo omba apimwe uzito na urefu, presha na mapigo ya moyo akiwa amelala kisha akiwa amesimama, sukari, madini ya damu (potasiamu, fosfeti na magnesiamu) na ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo.

Majibu ya damu yakitoka mazuri, usirudi nyumbani umetulia. Mwili unaokosa chakula hujibana na kulinda viwango vya damu hadi karibu na mwisho.

Mpeleke siku hiyohiyo, hata iwe usiku, ukiona mojawapo ya haya: amezimia, mapigo ya moyo yako chini ya 50 kwa dakika akiwa macho, anapata kizunguzungu kila akisimama, kifua kinamuuma, anakataa hata maji, anatapika kila siku, hajala karibu chochote kwa zaidi ya siku 5, au anazungumzia kujiua. Mwenye kisukari cha sindano anayeruka insulini ili apungue naye ni wa dharura.

Sababu ya kutokimbilia kumlisha ni hii. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu akipewa chakula kingi ghafla, insulini hupanda na kusukuma fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Damu inapungukiwa madini hayo, na moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo aliyedhoofika sana huanziwa chakula wodini, hupewa vitamini B1 mapema, na damu yake hupimwa mara kwa mara katika siku za mwanzo. Drip ya glukosi iliyowekwa kabla ya B1 inaweza kuwa hatari. Uliza kwa adabu kama ameshapewa.

Chanzo chake

Hakuna chanzo kimoja, na mzazi asipoteze miezi akimtafuta mkosaji. Tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa urithi una mchango mkubwa. Juu yake kuna tabia ya wasiwasi na ya kutaka kila kitu kiwe kamili (mara nyingi ni yule mtoto anayeongoza darasani), kutaniwa mwili, na michezo au dansi inayodai wembamba. Mazingira nayo yana nguvu. Huko Fiji, ambako mwili mnene ulisifiwa, televisheni ilifika katika eneo la Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker alipowahoji wasichana wa shule mwaka huo, hakumpata aliyejitapisha ili apungue. Mwaka 1998 walifikia asilimia 11.

Kinachowasha moto lakini ni njaa yenyewe. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula kwa takriban miezi sita vijana wa kiume 36 waliojitolea, wote wakiwa na afya njema. Wakaanza kuwaza chakula mchana kutwa, kukusanya mapishi, kukaa na sahani moja muda mrefu, kukasirika ovyo na kujitenga. Tabia nyingi unazoziona kwa mwanao zinaletwa na njaa, na ndiyo maana kumhubiria akiwa na njaa hakufui dafu. Alishwe kwanza, mazungumzo marefu yatafuata.

Kumlisha nyumbani

Daktari akiruhusu, wazazi wanashika usukani wa chakula. Njia hii ilianzia Hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980. Kwa kawaida huhitaji vikao 18 hadi 20 na mtaalamu katika mwaka mmoja. Pasipo mtaalamu wa matatizo ya ulaji, daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia wa hospitali ya rufaa anaweza kuisimamia.

Milo iwe mitatu na vitafunio viwili au vitatu, asikae zaidi ya saa tatu au nne bila kula. Kwa mfano: saa 1 asubuhi uji wa maziwa wenye karanga, yai na chapati, saa 4 chai ya maziwa na mandazi, saa 7 wali, maharage ya nazi, samaki na parachichi, saa 10 mtindi na ndizi, saa 1 usiku ugali, nyama na mboga zilizoungwa, saa 3 maziwa. Mzazi ndiye anayepika na kupakua. Mgonjwa asiingie jikoni, maana hapo ndipo mafuta yanapopunguzwa.

Kaa ubavuni mwake. Mlo uwe wa nusu saa, kitafunio robo saa, kisha kaeni pamoja saa nzima baadaye ili asiende kutapika. Akilia au kutukana, sema maneno machache yaleyale: "Najua ni vigumu, mwanangu. Chukua tonge lingine." Usijadili mafuta wala uzito, na usimwambie "umenenepa, umependeza", yeye atasikia neno la kwanza tu.

Panapoharibika zaidi ni pale wazazi wanapotofautiana. Mama anasema amalize, baba anamwonea huruma na kumruhusu aache nusu, na ugonjwa unapita katikati yao. Kubalianeni chumbani kabla ya mlo. Bibi na dada wa kazi waelezwe pia. Mazoezi yasimame, na mizani itoke nyumbani. Apimwe kliniki mara moja kwa wiki. Mfungo wa Ramadhani au Kwaresma usubiri. Mgonjwa ana ruhusa, na shehe au padri akimwambia mwenyewe atasikia kuliko kwako.

Akila sana kisha akatapika

Hiyo mara nyingi ni bulimia, na hujificha kwa sababu uzito unaweza kuwa wa kawaida. Tazama mashavu yaliyovimba karibu na masikio, meno yaliyolika, na pakiti za dawa za kumfanya aharishe au chai za kupunguza mwili. Hatari kubwa ni potasiamu kushuka na kuvuruga mapigo ya moyo. Tiba huanza kwa kula kwa saa maalumu, kwani anayeshinda njaa mchana ndiye anayevamia sufuria usiku. Akishatapika asukutue kwa maji, asipige mswaki papo hapo, maana asidi imeshalainisha meno. Kwa watu wazima daktari anaweza kuongeza fluoksetini, dawa ya sonona, kwa kawaida miligramu 60 kwa siku. Bupropioni, dawa nyingine ya sonona, haifai kwa bulimia wala anoreksia, kwa kuwa inaweza kuleta degedege. Kwa anoreksia hakuna kidonge kinachoponya.

Kumrudishia usukani

Uzito ukishapanda na mabishano mezani yakipungua, mrudishie polepole: kwanza kitafunio kimoja ajichagulie, kisha mlo mmoja shuleni. Bweni ndilo liwe la mwisho, na matroni ajue. Uzito ukishuka wiki mbili mfululizo, rudi kukaa naye mezani na upange miadi mapema.