Njoo na Kadi: Chanjo ya Mtoto, ya Mtu Mzima na ya Msafiri

Mimi ni muuguzi wa chanjo. Kila anayeingia chumbani kwangu namuuliza jambo moja kabla hata hajakaa: umekuja na kadi? Kuchoma sindano ni kazi ya sekunde chache. Kazi kubwa ni kujua umeshachanjwa nini, lini, na inayofuata inaruhusiwa kuanzia tarehe gani. Bila kadi, sote wawili tunabaki kukisia.

Kabla ya kuja, piga simu kituoni ulize chanjo unayotaka hutolewa siku zipi. Wengi hawaijui sababu. Chanjo ya surua na ile ya kifua kikuu huja kama unga ndani ya kichupa chenye dozi nyingi. Tukishauchanganya na maji yake, kinachobaki baada ya saa 6 lazima kimwagwe. Ndiyo maana vituo vingine hupanga siku maalumu, watoto wakusanyike. Simu moja inakuepusha kurudi nyumbani na mtoto mgongoni bila kuchanjwa.

Ratiba ya watoto hutofautiana nchi na nchi, ila nyingi zinafanana na hii: kifua kikuu na matone ya polio akizaliwa; kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, chanjo ya pamoja inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na vimelea vya Hib (bakteria wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo kwa watoto), ikiambatana na ya polio na ya nimonia. Katika miadi hizo za mwanzo hupewa pia matone ya kuzuia kuhara. Surua hufuata, mara nyingi miezi 9, na dozi ya pili katika mwaka wa pili. Hiyo ya pili ndiyo husahaulika zaidi, kwa kuwa mtoto ameshaanza kutembea na mzazi anaona kliniki imekwisha. Haijaisha. Kuna watoto ambao dozi ya kwanza haikuwajengea kinga, na kwa kumtazama huwezi kuwatambua.

Kama umekosa miadi, njoo hivyo hivyo. Nakuomba sana uniamini hapa: hatuanzi upya, tunaendelea pale ulipoishia, hata ikiwa imepita miezi mingi. Nimeona akina mama waliokaa nyumbani kwa kuogopa kufokewa, na kila wiki waliyokaa mtoto alikuwa hana kinga. Ikiwa uliwahi kufokewa mahali, pole. Rudi.

Mafua madogo au kikohozi chepesi si sababu ya kuahirisha. Homa kali ndiyo tunayoisubiri ipite. Tuambie pia kama mtoto aliwahi kuvimba uso au kushindwa kupumua baada ya chanjo, au kama anatumia dawa zinazoshusha kinga ya mwili.

Mvalishe nguo ambayo paja linafunguka haraka, maana mtoto mchanga huchomwa pajani. Mnyonyeshe wakati ninamchoma; maumivu hupungua kweli, nayaona kila siku. Baada ya hapo kaeni nje dakika 15 hadi 30. Mzio mkali ni nadra mno, lakini ukitokea huja mapema, na dawa yake iko hapa kituoni.

Nyumbani, joto la siku moja au mbili na paja kuuma ni kawaida. Homa ya chanjo ya surua huchelewa: huweza kuja wiki moja au zaidi baadaye, wazazi wakashangaa imetoka wapi. Chanjo ya kifua kikuu huacha kidonda kidogo mkononi baada ya wiki kadhaa. Usikipake chochote, usikikamue. Kitakauka na kubaki kovu.

Watu wazima hawana kadi, na hili linaniuma, kwani lilitupata nyumbani. Mama yangu alikanyaga msumari wenye kutu. Nilipomuuliza pepopunda alichanjwa lini, alinitajia wakati alipokuwa na mimba yangu mimi. Tulimchanja siku hiyo hiyo. Kwa hiyo fungua kadi yako, hata ukubwani. Mjamzito aulize kuhusu pepopunda. Homa ya ini B ina dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na miezi sita baada ya ile ya kwanza; wengi huja mbili tu wakapotea. Wazee na wenye kisukari, pumu au ugonjwa wa moyo waulize kuhusu chanjo ya mafua, ambayo hurudiwa kila mwaka. Na binti yako wa miaka 9 hadi 14 achanjwe dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, kabla hajaanza kujamiiana, wakati kinga inapofaa zaidi.

Msafiri, njoo wiki 6 hadi 8 kabla ya safari. Aliwahi kuja mmoja ikiwa imebaki siku tatu, tiketi mkononi, anataka homa ya manjano. Cheti cha chanjo hiyo huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na hakuna muuguzi anayeweza kuzipunguza. Aliahirisha safari. Chanjo hiyo hutolewa katika vituo vilivyoidhinishwa tu, basi uliza kwanza kama chako kimo. Tangu Julai 2016 cheti hudumu maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Usichomwe tena kwa sababu ya tarehe hiyo. Taja pia nchi utakazopitia kubadilisha ndege, kwa sababu baadhi ya nchi hudai cheti kwa waliopita tu. Anayekwenda Hija anahitaji ya homa ya uti wa mgongo, nayo angalau siku 10 kabla ya kufika.

Chanjo zenye vimelea hai vilivyodhoofishwa, kama homa ya manjano na surua, kwa kawaida hutolewa siku moja au huachwa wiki 4 katikati. Hapo ndipo waliochelewa hukwama. Aliyechanjwa kichaa cha mbwa naye, aking'atwa, aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Bado anahitaji dozi nyingine.

Kabla hujatoka, soma kadi mbele yangu. Kwa msafiri, jina lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. Angalia tarehe, namba ya toleo la chanjo, sahihi na mhuri. Kisha ipige picha pande zote mbili, umtumie na mtu mwingine wa nyumbani. Tarehe ya kurudi iko mstari wa chini kabisa; iweke kwenye simu ukiwa bado umekaa kwenye benchi unasubiri zile dakika 15.