Somo: Kufufua mashine kuukuu ya kufulia, ile ya mlango wa mbele

Naandika hapa mara moja, ili nikiulizwa tena "fundi, mashine inanguruma kama ndege inayoruka, nifanyeje?" niwe na pa kumwelekeza muulizaji. Jibu karibu kila siku ni lile lile: beringi, yaani ringi za gololi zinazobeba shafti (mhimili) ya ngoma inayotiwa nguo.

Na kabla hujaambiwa uitupe: mashine nyingi za zamani beseni lake, lile linaloshika maji na ngoma ikizunguka ndani yake, limefungwa kwa boliti au vibanio, linafunguka. Nyingi za sasa ni plastiki iliyounganishwa kwa moto; beringi ikifa unauziwa beseni zima. Kuukuu ndiyo ya kuhangaikiwa.

Pima kwanza. Fungua mlango, shika mdomo wa ngoma, inua na kushusha. Ikicheza peke yake ndani ya beseni, beringi zimekwisha.

1. Chomoa plagi, funga maji, kinga ndoo.

2. Piga picha za waya zote kwa simu. Usijiamini.

3. Kapasita, kile kifaa kinachohifadhi umeme, hubaki na stima hata plagi ikiwa mkononi mwako. Kama hujui kuimaliza chaji kwa rezista, muite anayejua.

4. Toa jiwe la zege kabla ya kuinua chochote. Ni zito, na limewekwa kwa sababu.

5. Toa mkanda, puli (gurudumu la mkanda), mota, hita na mipira. Beseni nje, ligawe.

6. Hapa ndipo mashine nyingi hufia mikononi mwa mafundi. Ngoma haitoki kwa sababu shafti imegandana na beringi kwa kutu. Mtu anachukua nyundo, anaipiga shafti tupu. Kichwa chake kinatanuka, nyuzi za kufungia boliti zinakufa, na puli haitarudi tena maishani. Weka mafuta ya kulegeza kutu, uache yanywe usiku kucha. Kisha rudishia boliti ya puli, iliyo kuukuu, ile usiyoihitaji tena, weka kipande cha mbao ngumu juu yake, ndipo ugonge. Taratibu.

Ngoma ikitoka usikimbilie beringi. Geuza uutazame ule msalaba wa aluminiamu uliobeba ngoma kwa nyuma. Ngoma ni ya stenlesi. Metali hizi mbili zikikutana ndani ya maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo huliwa. Kwangua ule unga mweupe kwa bisibisi. Bisibisi ikizama, simama hapo hapo: tafuta msalaba mwingine au uza vyuma. Msalaba ukivunjika ngoma ikiwa kwenye mzunguko wa kukamua, hutaki kuwa karibu.

Msalaba ukiwa mzima, gonga beringi za zamani nje, usome namba ubavuni. 6205, kwa mfano, ina tundu la milimita 25, nje 52, unene 15. Nunua yenye 2RS, yaani raba pande zote mbili. ZZ ina bati tu, maji yataingia. Mpya zilaze friza usiku mmoja, zitanywea kidogo na kuingia kwa upole. Ukizipigilia kwenye beseni, gonga ringi ya NJE tu. Ukigonga ya ndani, nguvu yote inapita kwenye gololi na umeiua kabla haijazunguka.

Sili mpya, ile raba inayozuia maji yasifike kwenye beringi, ndiyo ya mwisho, mdomo wake upakwe grisi isiyoyeyuka kwa maji. Pitisha ukucha pale sili inapokaa kwenye shafti: ukihisi mfereji, maji yatavuja hata sili iwe mpya namna gani.

7. Rudisha kinyumenyume. Waya ya arthi usiisahau. Jaribu bila nguo.

MASWALI (kila muulizaji namtaja kwa jina la mahali anakotoka)

Likoni: Fundi, siwezi kutia grisi tu bila kufungua?

— Huwezi, hufiki kwenye beringi bila kufungua. Hatua ya 6. Soma.

Kisauni: Nilibadilisha beringi mbili, kelele imerudi. Hizi beringi za siku hizi ni feki?

— Sili ulibadilisha?

Kisauni: Ya zamani ilionekana nzuri.

— Basi umejijibu, yakhe. Maji yalipita kwenye sili yakaua beringi za kwanza, sasa yameua za pili. Wa kulaumiwa si muuza duka.

Tudor: Shikamoo fundi. Yangu ina mipira miwili ya kuingiza maji, moto na baridi. Nyumbani hatuna bomba la moto. Niuzibe mmoja?

— Marahaba mwanangu. Usizibe, maana programu ikitaka maji ya moto itasubiri milele. Weka kiungo cha Y, pande zote zipate baridi. Hita iliyo ndani itapasha, ila itachukua muda zaidi. Na kama tangi liko chini, presha haitoshi. Lipandishe au weka pampu.

Bamburi: Sisi ni maji ya kisima, chumvi tupu. Nafanyaje nisifike huko kwa msalaba?

— Swali zuri dada. Ukipata maji ya mfereji, yaweke kwa suuza ya mwisho ili chumvi isikaukie ndani. Mlango uache wazi ukimaliza. Chokaa ya maji ikiganda kwenye hita, tia unga wa asidi ya ndimu, endesha programu ya moto bila nguo. Ila usichanganye na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo: hutoa gesi ya sumu, na klorini yenyewe hula aluminiamu.

Changamwe: Hilo zege mbona wasiliondoe? Mashine ingekuwa nyepesi.

— Ingetembea hadi sebuleni. Mashine za kufulia za Bendix za mwaka 1937 kule Marekani hazikuwa na springi za kubeba beseni, zikafungwa sakafuni kwa boliti. Zege na springi ndizo zilizotuondolea kazi ya kutoboa sakafu.

Mtwapa: Bei?

— Ya nini? Tuma namba ya beringi na vipimo vya sili.