Dokima ya mukutano iko mu kalenda ya tablete yako, acha kuiomba ku WhatsApp

Kila Jumatatu asubuhi mu grupe yetu ya WhatsApp ni paka wimbo moja, "jameni nani iko na ile rapori ya leo anitumie haraka", na mwenye anaomba iko na tablete ku mikono, na ile rapori yenyewe iko mu ile tablete tangu Ijumaa, imefungwa ku mukutano mu kalenda, ni yeye tu hajagusa fasi yenye inapaswa kugusa. Sisemi hivi ju ya kucheka mutu. Mimi mwenyewe nilipitisha miezi na tablete ya kazi nikiangaliaka saa ya mukutano tu, naona saa, naona fasi, nafunga, kisha napanda mpaka Nyawera, huku kwetu Bukavu, kutafuta mwenye kunichapishia karatasi makumi mbili na kitu, nalipa, na nikifika mu mukutano nakuta benzangu beko ku ukurasa yenye mimi sina hata.

Bon, tuanze.

Kitu ya kwanza kabisa, mbele ya kugusa kalenda, ujue ni adresi gani ya imeli yenye balikualikia. Hapa njo shida nusu inatokeaka. Balikualika na imeli ya kazi, lakini tablete iko imefunguliwa na Gmail ingine, mara nyingi ile yenye kijana wa duka alikufungulia siku ulinunua, yenye hata mo de pasi yake hauijui. Basi mukutano inafika ku konte moja na wewe unaangalia konte ingine, na unasema "sijaalikwa". Fungula aplikasio ya kalenda ya Google (mu tablete zetu zenye ziko mu Kifaransa inaitwa Agenda), angalia juu ku mukono ya kuume, kuko ka muviringo na picha yako ao herufi ya jina yako, gusa pale utaona adresi gani iko inatumika. Kama ile ya kazi haiko, enda mu Paramètres ya tablete, tafuta Comptes, ongeza konte, andika adresi na mo de pasi, ngojea dakika chache. Usifute ile ya zamani, konte mbili zinaweza kukaa pamoja bila vita.

Ukishaongeza na mukutano bado haionekani, kuko sababu tatu zenye mimi nilishakuta. Kuna kalenda zenye zimepangwa zisionyeshe mualiko mpaka ujibu, basi fungula imeli yenye balikutumia, gusa Oui, utaona mukutano inaingia. Ya pili, ndani ya aplikasio ya kalenda kuko mistari tatu juu ku kushoto, ukigusa utaona liste ya makalenda yako yote na ka kisanduku mbele ya kila moja, kama kisanduku ya konte ya kazi haina alama, hautaona kitu. Ya tatu njo inanikasirishaka zaidi, kwa sababu ni sisi wenyewe tunaifanyaka ju ya kuchunga mega na betri: tunawasha ile ya kupunguza data na ile ya kuchunga betri, kisha tunashangaa kalenda haipokei kitu. Tablete ikiwa mu hali ile haipendi kufanya kazi chini chini. Zima hizo mbili kwa dakika tano, fungula kalenda, iache ivute mambo yake, kisha uziwashe tena kama unataka.

Sasa mukutano iko. Watu bengi banaishia kuangalia ile mustatili ya rangi yenye iko na jina ya mukutano na saa. Iguse. Inafunguka ukurasa nzima, na shusha na kidole mpaka chini, usisimame ku liste ya batu. Utakuta saa, fasi, linki ya video kama iko, majina ya benye balialikwa, maelezo, na pembeni ya ka picha ka tromboni, kale kachuma ka kushikisha karatasi, utaona majina ya madokima. Gusa jina, inafunguka. Ni ile tu. Nilipomuonyesha mama moja wa kazi yetu, mwenye anachunga pesa za shirika, aliniangalia kama vile nilikuwa namuficha siri, "na tangu wakati ule yote ilikuwa hapo?"

Kama tromboni haiko, soma maelezo vizuri. Batu bengine hawafungi dokima, banaweka tu linki mu maelezo, maneno ya rangi ya bluu, na inafanya kazi sawa, unagusa inakupeleka. Na kama ni mukutano ya kila juma, angalia sana tarehe. Mukutano yenye inarudia iko kama ndugu mapacha, zinafanana zote, lakini dokima inaweza kuwa imefungwa ku tarehe moja peke yake. Unafungula ya tarehe 12 unatafuta karatasi yenye ilifungwa ku tarehe 5, na unamupigia sekretere simu unamuambia alisahau, kumbe hakusahau.

Ikikuandikia kama hauna ruhusa, usiguse mara kumi. Gusa Demander l'accès mara moja, na umutumie mwenye dokima ujumbe, juu ile ombi inaenda ku imeli yake na huenda haiangalie mpaka kesho. Lakini kwanza rudi ku ile ka muviringo nilisema pale juu: mara nyingi ruhusa iko, ila umefungula na konte yako ya nyumbani, na dokima ilitolewa ku konte ya kazi. Badilisha konte, jaribu tena, hapo njo uombe.

Sasa niseme ju ya nini nasumbuka hivi na kalenda wakati WhatsApp iko na kila mutu anaijua. Dokima yenye ilitoka mu Drive (fasi ya Google ya kuchungia madokima ku Internet) na ikafungwa ku mukutano, haiko kopi, ni mulango. Kila mara unaifungula unaingia mu nyumba ile ile. Sekretere akibadilisha namba moja ya budgeti usiku, wewe asubuhi unaona namba mupya. Ile ya WhatsApp ni picha ya siku ile ilitumwa, imekufa pale. Njo maana unakuta mu mukutano moja batu beko na "rapori final", bengine "rapori final 2", bengine "rapori final ya kweli", na nusu saa inapita munatafuta kujua nani iko anasoma nini, na kama ni mambo ya pesa hapo hata sauti zinapanda. Nilishaona mukutano yenye balipiga kura ku budgeti, kisha ikaonekana batu bawili balikuwa banasoma ya juma yenye ilipita. Bakaanza upya!

Kuko kitu moja yenye haifuate ile, na useme nilikuambia: mutu akifunga fishie moja kwa moja ku mualiko, vile batu ba Outlook (aplikasio ya Microsoft ya imeli na kalenda) banafanyaka mara mingi, ile ni kopi. Akibadilisha ya kwake, ya kwako haibadiliki, mpaka atume ingine. Lakini akiweka linki ya OneDrive, ile iko kama Drive lakini ya Microsoft, pale inakuwa mulango pia. Mu Outlook ya tablete njia ni moja tu, unaenda ku ka picha ka kalenda, unagusa mukutano, unashuka, fishie iko pale. Na kama hauioni ndani ya mukutano, rudi ku imeli ya mualiko yenyewe, huenda imebakia kule.

Ya maana zaidi kwa sisi ba huku ni hii: usingojee saa ya mukutano ju ya kufungula. Umeme inaweza kwenda, rezo inaweza kulala, na kama unaenda Goma na boti unajua vile katikati ya ziwa rezo inakuwa kama ya kuomba. Fungula usiku wa mbele ukiwa na koneksio ya muzuri, kisha uichunge ndani ya tablete. Unafungula Drive, unatafuta ile dokima, pembeni yake kuko vinukta tatu, unagusa, unashuka mpaka ku maneno yenye yanasema hors connexion, unagusa. Inavuta kidogo kidogo. Kesho yake, hata bila rezo, unafungula Drive, mistari tatu, unagusa fasi yenye imeandikwa hors connexion, unaikuta. Kama ni dokima ya Google yenyewe, Docs ao Sheets, hakikisha ile aplikasio yake iko mu tablete, bila hiyo itakukatalia ku dakika ya mwisho.

Na usiamini mpaka ujaribu. Weka tablete mu mode avion ukiwa nyumbani, fungula dokima, pitisha ukurasa mbili tatu mpaka mwisho. Ikifunguka, lala usingizi. Isipofunguka, afadhali ujue ukiwa ku kitanda kuliko ukiwa mbele ya batu. Kitu moja tu: ile ya hors connexion inabaki vile ulivyoichunga mpaka tablete ipate rezo tena, kwa hiyo ukifika fasi kuko koneksio ifungule mara moja ijisawazishe mbele ya mukutano kuanza.

Kama tablete yako iko na karti SIM na unakaa karibu na muto Ruzizi, ku mupaka ya Rwanda, zima itinérance (ile ya kutumia rezo ya inchi ingine) mu Paramètres. Antene za ngambo hazijui mupaka, tablete inashika rezo ya Rwanda bila kukuuliza, na kuvuta PDF ya mega 15 pale inaweza kukukulia kredi yote.

Ju ya iPad: kalenda ya Apple inaweza kuonyesha mukutano vizuri, saa na yote, lakini dokima za Drive mara ingine hazionekani pale. Usipoteze muda kupigana nayo, telesharje tu aplikasio ya kalenda ya Google ku App Store, ingia na konte ile ile, shida imekwisha. Na ukitelesharje PDF ku iPad uitafute ndani ya aplikasio Fichiers, si mu mapicha, ju nilishaona mutu akiitafuta mu mapicha saa nzima.

Ba Kinshasa bakikualika, usifanye hesabu ya saa wewe mwenyewe. Huku Bukavu tuko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, na kalenda inajua hiyo: mukutano yao ya 10h00 itaonekana kwako 11h00, na ile 11h00 njo ya kweli kwako. Mimi nilijifanya mwenye akili, nikaongeza saa moja juu ya ile kalenda ilishaongeza, nikaingia mu video nikakuta banaagana. Angalia tu tablete yako ichukue saa yenyewe, isiwe ile ya kuandika na mukono.

Mukutano ikiwa ya video ku tablete ile ile, usiruke kila mara kati ya video na dokima. Tablete mingi zinaweza kugawa ekra mbili, batu ku upande moja na karatasi ku upande ingine. Ku Samsung unafungula liste ya aplikasio zenye zimefunguliwa, unagusa ka picha ka aplikasio kule juu, inakupa kugawa. Ku iPad zenye ziko na iPadOS 15 mpaka 18 ni vinukta tatu kule juu katikati. Na mu PDF ya kurasa makumi tano tumia kale ka lupu ka kutafuta, andika neno "budgeti", kuliko kusukuma na kidole kama mutu anafuta meza.

Kama wewe njo unaitisha mukutano, fanya kazi yako vizuri na batu bataacha kukupigia simu. Ukitengeneza mukutano mu kalenda, gusa fasi ya pièce jointe, chagua dokima mu Drive, na ikikuuliza kama unataka kubapatia ruhusa benye umealika, usigeuke kando, kubali. Kama ni mishahara ao mambo ya batu, usitumie ile ya "kila mutu mwenye linki", weka majina moja moja, ju linki inatembea kuliko wewe. Na mukutano ikiwa ya kurudia, ikikuuliza kama ni kwa siku ile peke yake ao kwa zote, soma mbele ya kugusa.

Mwisho, weka kodi, namba ya siri ya kufungulia, ku ekra, hasa kama tablete inarudi nyumbani. Nilikuwa najua hiyo, sikufanya. Siku moja nilimuachia mtoto wangu tablete acheze, akaingia mu kalenda, akagusa Non ku mukutano ya kamati, na Jumatatu mwenyekiti akaniuliza mbele ya batu bote kwa nini nimekataa kuja, na mimi nimekaa pale mbele yake na tablete ku mikono.